Unga wa Kumpokea Samia

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Hapa Mkotokuyana ukimtaja Awadhi watu wanajua unamsema nani: yule aliyemfukuza mposaji wa dada yake kwa sababu alikuja kuposa na kandambili, yule aliyesusa msikiti mwezi mzima kwa ugomvi wa nani kaharibu spika. Zamani nilikuwa nacheka nikiyakumbuka hayo. Siku hizi hasira ninazo zilezile, ila sina wa kumtolea, maana anayestahili ni mimi.

Samia alikuwa mtoto wa dada yangu Biasha. Kwetu mtoto wa dada ni wako kuliko uliyemzaa. Baba yao alikwenda kuoa kwingine, huko Tandahimba, wakati mdogo wake Samia, Hafidha, bado ananyonya. Hakuna aliyemfuata kumuuliza, kwa sababu mjomba yupo. Mjomba ndiye anayesema ndiyo na ndiye anayesema hapana. Mtoto akikosea shuleni anaitwa mjomba, akiumwa anambeba mjomba.

Na Samia nilimbeba. Alizaliwa na sikoseli. Chembe zake za damu zilikuwa zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama mtoto analia mpaka sauti inaisha. "Njomba, mfupa unanila," alikuwa akiniambia. Ninamfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, napanda bodaboda, haooo Nachingwea, kuongezewa maji, kuongezewa damu. Wanaume walinicheka, mtu mzima na ndevu zake kafunga mtoto mgongoni, nikawatukana nao wakazoea. Alipofika miaka tisa, asubuhi moja anakunywa uji, kikombe kikamdondoka na mdomo ukaenda upande. Miaka tisa, kiharusi. Alipona, lakini mguu wa kulia ukabaki unaburuta.

Ndipo tukaelekezwa hospitali kubwa, safari ya siku mbili kutoka kwetu. Daktari wa huko, kijana mpole, alitukalisha akatueleza vizuri. Ndani ya mfupa mna uloto, akasema, ile nyama laini, na damu inatengenezwa humo. Uloto wa Samia unatengeneza damu mbovu na hautaacha. Wataua uloto wote kwa dawa kali, halafu watampa mbegu za uloto wa mtu mwingine. Zikishika, damu yote itakayotoka hapo itakuwa nzima.

Mimi ni mkulima wa korosho, nikamwambia: "Kumbe mnabebesha." Kwetu mche wa korosho mbovu tunaukata kichwa, tunaubebesha kikonyo cha mti bora. Daktari akacheka, akasema ndiyo, mjomba, ni kubebesha. Kisha akaacha kucheka. "Lakini wengine hatuwavushi," akasema. "Lazima mjue hilo kabla hamjaweka sahihi." Akanitajia njia zote ambazo mtoto anaweza kufa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikaweka sahihi.

Walitupima wote, Biasha, mimi, na Hafidha. Aliyelingana na Samia kwa kila kitu alikuwa Hafidha, miaka minane, meno ya mbele hana. Daktari alichuchumaa mbele yake akamwambia kwamba watamlaza usingizi, watamchoma sindano nyuma ya kiuno na kuvuta uloto.

"Itauma?" akauliza Hafidha.

"Ukiamka itauma kidogo."

"Kuliko mifupa ya dada?"

"Hapana. Si kama hiyo."

"Basi chukueni."

Nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Ule mfuko wenyewe ulikuwa mdogo, mwekundu, ungeweza kudhani ni damu ya kawaida. Uliteremka kwenye mshipa wa Samia polepole, akiwa chumba cha peke yake, kichwa kimenyonyoka nywele zote kwa zile dawa, mdomo umejaa vidonda hata mate hamezi. Hafidha alikuwa amesimama upande huu wa kioo, ameshika kiuno kinachomuuma. "Ile ni yangu," akawa anamwambia kila muuguzi anayepita. "Ile pale, ni yangu."

Siku ya kumi na tisa wakatuambia mbegu zimeshika. Biasha alianguka sakafuni akalia. Mwezi wa pili mambo yakageuka. Samia alitoka vipele mwili mzima, viganja vikambambuka, akaharisha mpaka akawa mwepesi mkononi. Daktari akatueleza kwamba hilo hutokea. Chembe za mdogo mtu zimeuona mwili wa dada mtu kuwa mgeni, zinaupiga vita. Alisema hivyo, na Hafidha alikuwa kwenye benchi hapo hapo anamenya ndizi. Nilimwona anaacha kumenya. Wala sikuwaza kitu, nilikuwa namtazama daktari.

Zile dawa za kuvituliza vita zilifanya kazi, vipele vikakauka. Lakini dawa hizo huiweka chini kinga ya mwili, daktari akasema, kwa hiyo mtoto huyu kwa muda mrefu hana askari. Kitu ambacho kwako ni mafua, kwake ni kaburi. Tukaishi kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, mimi nakwenda na kurudi, mpaka ukatimia mwezi wa saba. Na katika miezi hiyo Samia hakulia mfupa hata siku moja. Siku moja nilifika nikamkuta anamkimbiza mdogo wake uani, anaburuta mguu wake lakini anakimbia, anacheka, barakoa imeshuka shingoni. Nikamgombeza apandishe barakoa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya harusi yangu.

Kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani, walitukalisha na muuguzi mmoja aitwaye Sista Magreti. Huyo ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Mnero, na alipojua tunatoka Mkotokuyana alifurahi kama kapata ndugu. Alitupa masharti. Watu wasijazane. Maji yachemshwe. Asile kibichi, asikae na mbuzi wala kuku, asishike udongo, asivute moshi wala vumbi. Homa ikipanda, hata kidogo, msingoje kuche, mje.

Niliandika yote kwenye daftari la shule. Niliuliza maswali hata wenzangu kwenye benchi wakachoka. Na salfa je, tunayopulizia mikorosho? Hapana, akasema, isipuliziwe karibu na nyumba. Na nyumba ya udongo? Sakafu iwe saruji. Na mgeni akitoka msibani? Asiingie.

Halafu Sista Magreti akafunga faili lake, akaniangalia. "Njomba, mimi najua kwetu," akasema taratibu. "Mtoto akitoka kwenye shida kubwa hivi hapokewi bure. Kuna jambo lolote la kimila mtamfanyia akifika? Niambieni tu, siwakatazi, tutaangalia namna."

Daktari alikuwepo. Na wanafunzi wake wawili wenye kalamu. Nikasikia damu inanipanda kichwani. Binti wa juzi, tena Mkristo wa Mnero, ananiuliza mambo ya nyumba yangu mbele ya wageni, waende wakayaandike kwenye makaratasi yao. Ya nyumbani hayasemwi barabarani, ndivyo nilivyolelewa.

"Hakuna," nikamjibu. "Sisi ni Waislamu, bibie. Hayo tumeshaacha."

Akaandika: hakuna.

Nilitangulia nyumbani. Nikamwaga saruji chumba kizima, nikaweka wavu mpya madirishani, nikahamisha mbuzi kwa jirani. Mikorosho yote inayozunguka nyumba sikuipulizia salfa, ikapata ugonjwa wa ubwiri ikanyauka maua, na majirani wakasema Awadhi kachanganyikiwa. Nikawaambia mwaka huu navuna mtoto. Biasha na watoto walipofika, niliwazuia ndugu wote getini, wengine wametoka Ruangwa kwa pikipiki na zawadi zao. Shangazi yangu mzima nilimwambia anawe mikono mara mbili. Amenuna mpaka leo.

Mama yangu hakubishana na lolote kati ya hayo. Alingoja siku ya tatu, akaja akakaa kizingitini.

"Awadhi, mtoto hajapokewa."

Mtu aliyekwenda mahali pa kufa akarudi, kwetu hupakwa unga. Sio unga wowote. Ni mtama uliowekwa kutoka ghala la marehemu wa ukoo, unaokaa kwenye lindo, kile chombo cha gome la mti, huko darini, unatwangwa asubuhi ile ile. Mjomba ndiye anayepaka. Anaweka kwenye paji la uso na kifuani, kisha unaobaki kiganjani anampulizia kichwani na usoni, ili wazee waliotangulia wamtambue na wasimwite tena. Nami nilipakwa nilipotoka jando, na niliponusurika kwenye ajali ya lori. Bila unga, mtu amerudi mwili tu.

Mtama wa mama ulikuwa wa ghala la babu yetu, miaka kumi na zaidi. Nilipouinamia ungo nikasikia harufu ya ukungu. Ndiyo harufu yake siku zote, ukiuliza mtu yeyote wa kwetu harufu ya kupokewa atakuambia ni hiyo. Samia alikaa kwenye mkeka, amefumba macho, anatabasamu kwa sababu unga unamtekenya. Tulikuwa watu watano tu, tumenawa wote. Daftari langu lilikuwa mfukoni. Na wallahi, mimi niliyeuliza habari ya salfa, habari ya mbuzi, habari ya viatu vya wageni, sikuuona ule unga kuwa vumbi. Nilimpaka, nikampulizia, akakohoa kidogo, tukacheka.

Siku ya kumi na mbili homa ilipanda. Hatukungoja. Tulimwacha Hafidha kwa bibi yake, tukasafiri mimi, Biasha na mgonjwa, tukapitia Ruangwa kuunganisha gari, na njia nzima anakohoa kile kikohozi kikavu. Tulipofika daktari aliniita pembeni, Biasha akiwa ndani na mtoto.

"Mjomba, amekaa mahali penye vumbi? Ghalani? Nafaka ya zamani yenye ukungu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitakiwa kufungua mdomo niseme maneno matatu. Nikamwona Sista Magreti amesimama nyuma yake na lile faili lenye neno langu, nikaona aibu. Aibu tu, hakuna kingine. Mtoto yuko ndani anatafuta pumzi, mimi nachelea uso wangu.

"Hapana," nikasema.

Wakamtibu kwanza kwa dawa za nimonia ya kawaida, na kwa mtu asiye na siri ndivyo ingepaswa. Siku ya nne, vipimo vikaonyesha ni fangasi, wameota ndani ya mapafu. Wakabadili dawa siku hiyo hiyo. Daktari alisema wamewahi kuwavusha wengine wa namna hii wakiwahiwa. Samia hakuwahiwa. Alikaa siku tisa, pumzi inafupika. Siku moja kabla hajatutoka, aliniomba nimfunge mgongoni nimtembeze, nikamwambia mipira ya dawa hairuhusu. Tulimzika kule kule, kwenye makaburi ya watu tusiowajua, kwa sababu Biasha hakuwa na nguvu ya kusafiri na maiti siku mbili.

Tuliporudi, nikakuta kijiji kimeshaamua. Zile habari za vipele zilikuwa zimefika kwa simu tangu zamani, kila mtu kaziongezea yake: damu ya mdogo mtu iliingia mwilini ikamla dada mtu. Hakuna aliyesema kwa ubaya, nadhani. Walisema kama wanavyosema mvua imekataa. Lakini shuleni watoto waliacha kukaa dawati moja na Hafidha. Mwenzake mmoja alimwambia usinishike, una damu inayokula. Naye hakubisha, kwa sababu alimsikia daktari kwa masikio yake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anajikuna kiunoni, pale zilipo zile alama ndogo za sindano, amejikuna mpaka pametoka damu.

"Njomba," akaniuliza, "chembe zilizobaki ndani yangu, haziwezi kutolewa?"

Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia si wewe. Nikamwambia vile vita viliisha, dawa zilivituliza, dada yako alikimbia uani na wewe ukiwepo, hiyo ilikuwa damu yako inamkimbiza. Ni mimi, nikasema, ni ule unga. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtoto anavyomsikiliza mtu mzima anayembembeleza.

"Bibi kasema siku ya arobaini na mimi nitapakwa unga," akasema. "Nikishapakwa watacheza na mimi."

Basi nikaapa kwamba siku ya arobaini nitasema mbele ya ukoo wote. Walikuja wa Ruangwa, walikuja wa Nachingwea mjini, kisomo kikasomwa, ubwabwa ukaliwa. Watu walipokuwa bado barazani, nikasimama. Nikasema: "Samia nilimuua mimi. Niliulizwa hospitali kuhusu mila nikasema hakuna. Nikampulizia unga wenye ukungu, ukaota kwenye mapafu. Nikaulizwa tena, nikakana tena. Hafidha hana kosa lolote." Nilingoja kutukanwa, nilitamani nitukanwe.

Mzee Mahamudu wa Ruangwa, mkubwa wa ukoo wetu, alitikisa kichwa kwa heshima. "Mnamwona?" akawaambia watu. "Huyo ndiye mjomba. Mjomba hubeba lawama ya nyumba ili watoto walale. Nimezika wajomba wengi, wa hivi ni wachache."

"Sijibebeshi, baba! Ni kweli!"

"Kaa, mwanangu, umechoka. Unga ule umewapaka wangapi? Wewe mwenyewe ulipakwa, ulikufa? Na hospitali ulijibu vyema. Ya nyumbani hayasemwi barabarani."

Watu wakaitikia. Mama mmoja akafuta machozi kwa ajili yangu. Nilimtazama Biasha, na yeye peke yake hakuwa ananiangalia kwa huruma. Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu siku nyuma, ya kumi na mbili, ya tatu, na nikajua dada yangu ameniamini. Aliinuka akaingia ndani. Hajazungumza nami tangu siku hiyo.

Mama akaja na ungo. Aliyebaki katika ndugu wawili hupakwa, ili kifo kisimfuate. Hafidha alikuwa tayari. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la sikukuu lililombana, paji la uso kalipaka mafuta mpaka linang'aa, maana aliambiwa unga hushika vizuri kwenye mafuta. Wale watoto wa shule walikuwa wamesimama ukutani wanatazama, na yeye aliwatupia jicho kuhakikisha wanaona. Akapiga magoti mbele yangu, akainua uso, akafumba macho.

Ungo ukaletwa chini ya pua yangu. Ile harufu ikapanda.

Nawaapia, yule mtoto ni mzima, ana askari wake wote, unga ule usingemfanya chochote. Nalijua hilo sasa na nililijua hata wakati ule. Lakini mkono haukuniuliza. Nilimwona Samia kwenye mkeka anatabasamu, na mkono ukaupiga ungo ukaruka, unga ukamwagika sakafuni, na nikajisikia napiga kelele: "Huyu hapana! Huyu hapakwi!"

Nikasikia sauti ya mwanamke, chini chini, karibu na mlango: "Mjomba mwenyewe kakataa." Mwingine akasema, "Kumbe naye anajua." Wale watoto ukutani wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka wakatoka uani.

Hafidha alifumbua macho. Aliwatazama wakiondoka. Kisha akainama, akachota unga kidogo sakafuni kwa kidole, akajipaka mwenyewe kwenye paji la uso, akauinua uso wake kwangu.

"Njomba," akasema, "unga umekaa sawa?"